Mbona Umenyamaza

Kauko Moilanen alipozikwa mwezi wa nne, barafu ya ziwani ikiwa imeanza kuoza kingoni, sote tuliosimama kusema neno pale ukumbini tulimsifu kwa jambo moja: alikuwa mtu mkimya. Jirani yake alisema hivyo. Mchungaji alisema hivyo. Na mimi nilisema hivyo, kikombe cha kahawa mkononi. Huku kwetu Kainuu, mkoa wa maziwa na misitu kaskazini ya mbali, ukitaka kumsifu mwanamume huhangaiki kutafuta maneno. Wazee walituachia usemi kwamba kuongea ni fedha na kunyamaza ni dhahabu, nasi tumeuamini mpaka leo. Kwa hesabu hiyo Kauko alikufa tajiri.

Mjane wake, Tuovi, alizunguka na birika akitumiminia kahawa. Nilipika naye katika jiko la shule miaka mingi, sufuria yangu pembeni ya yake, nikajidai namjua. Nyumba usiyolala ndani hujui ila yake. Haya ninayosimulia alikuja kuniambia mwenyewe baadaye, alipokuwa ameshaweza kuyasema. Pale alipokuwa akicheka, nami nitacheka, maana mkasa ni wake na kicheko ni chake.

Kauko hakuwa anapiga. Tuovi alikuwa akilitanguliza hilo kila mara, hata kabla hujamuuliza. "Hajawahi kunigusa hata kwa ukucha," alikuwa akisema. Alichofanya ni kunyamaza. Si ule ukimya wa mtu aliyechoka na kazi. Huu ulikuwa na sababu, ila sababu haikutajwa. Labda kahawa ilikuwa nyepesi. Labda Tuovi alicheka mno na walimu kwenye sherehe ya kufunga shule. Mume anaingia, anavua viatu, na tangu hapo hamwoni mke, anampita kama anavyopita kabati. Kuna mwaka ukimya ulianza wakati wa kuchimba viazi ukaisha ziwa likiwa limeshaganda. Kisha asubuhi moja anauliza, "Kahawa ipo?" na yamekwisha, na mke ashukuru. Na Tuovi alikuwa akishukuru kweli. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Adhabu hii sisi tuna hata jina lake, tunaiita shule ya mabubu, na tukilitaja tunacheka.

Ungedhani baada ya mazishi angepumua. Wapi. Nyumba ilinyamaza zaidi, na sasa hapakuwa na mtu wa kuja siku moja kuulizia kahawa. Tuovi akafungua redio ya jikoni na hakuifunga tena. Alisikiliza ibada, bei za mbao, na taarifa ya hali ya bahari, kasi ya upepo na urefu wa mawimbi, yeye anayeishi bara kabisa ambako maji ni ya ziwa. Alilala redio ikisema. Alipotoka dukani alisimama kwanza mlangoni asikie kama bado inasema, ndipo aingie. Alitamani makelele ya bwalo la shule alikokuwa ameshastaafu, watoto wakigonganisha sahani, na akaniambia kwamba siku nyingine alipita pale saa ya chakula akasimama nje ya uzio kama mwizi. Mimi nilikuwa ndani humohumo, nikigawa viazi. Angebisha tu dirishani.

Alikuwa na mtoto mmoja, Jarno, fundi wa lifti huko Oulu, saa mbili na ushei kwa treni. Jarno alikuwa amerithi mabega ya baba yake na, Mungu atusamehe, mdomo wake pia. Mwezi wa saba alikuja kumpasulia mama yake kuni. Jumamosi Tuovi alikuwa akikanda unga, akamuuliza, "Nikuwekee samaki au nyama?" Jarno alikuwa dirishani, mgongo huku, akitazama ziwa. Hakujibu. Pengine hakusikia. Tuovi akarudia, sauti ikamkwama katikati. Akauacha unga mezani, akatoka nje, akajificha nyuma ya rundo la kuni na kutapika kila kitu alichokula asubuhi.

Jarno alimkuta pale. "Unaumwa?"

"Joto tu."

Hakukuwa na joto. Jarno alimtazama kidogo, akatikisa kichwa, na kesho yake akaondoka mapema kuliko alivyopanga. Baada ya hapo alipiga simu Jumapili. Anasema habari, anajibiwa njema, kisha pande zote mbili kimya, na katika kimya hicho Tuovi anaanza kutokwa jasho. "Nimeacha kitu jikoni," anasema, anakata simu. Jikoni hakuna kitu.

Mwezi wa tisa Jarno alisema maneno mengi kuliko aliyoyasema mwaka mzima. "Njoo Siku ya Uhuru, mama. Tutazame televisheni pamoja. Nimeshakualika baada ya mazishi, nikakualika tena kiangazi. Ukija, vizuri. Usipokuja, sitakusumbua tena."

Watu wetu wakisema hivyo hawatishii, wanatoa taarifa tu. Kwetu kualika mara moja ni ukarimu, mara mbili ni kuomba, mara tatu ni kujidhalilisha, na ya nne haipo. Tuovi aliijua tarehe hiyo, mwezi wa kumi na mbili, tarehe sita. Asipopanda treni atakuwa amempoteza mtoto wake wa pekee, si kwa ugomvi, bali kwa heshima. Na kila alipojiona amekaa sebuleni kwa Jarno, jioni nzima, na yule kijana hasemi, aliongeza sauti ya redio.

Ndivyo alivyofika kwa mshauri nasaha. Daktari alimpima moyo akauona mzima, akampa jina na anwani: Sirkku Halmetoja, ghorofa ya pili, juu ya duka la kushona viatu. Ngazi ilinuka gundi. Sirkku alikuwa mwanamke wa arobaini na kitu, sweta limelegea viwiko, soksi za sufu miguuni, kwa sababu sisi viatu tunaviacha mlangoni hata kwa mtu tunayekwenda kumlilia.

"Kuna viti vitatu, Tuovi," alisema. "Kaa unapotaka. Nami nitahama kama ukitaka nihame."

"Popote tu."

"Popote hapakaliki," Sirkku akasema, akangoja. Tuovi akachagua kiti cha karibu na mlango.

"Mlango niufunge, au niuache wazi kidogo?"

Tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumuuliza Tuovi lolote kuhusu mlango. "Kidogo," alisema, na akaona aibu kana kwamba ameomba zawadi.

"Sitakuuliza ya nyuma mpaka utake mwenyewe kuyasema. Ukichoka, inua mkono, tunaacha. Si lazima unieleze kwa nini. Leo nataka tu uzoee chumba. Hatuna haraka." Kisha Sirkku akaweka mikono mapajani, akamtazama kwa upole, akanyamaza.

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe lilikuwa la upendo mtupu. Sirkku alikuwa amesoma, tena vizuri, kwamba mtu aliyejeruhiwa nafsi hasukumwi. Mwache apite kwa mwendo wake. Na zaidi ya masomo kulikuwa na babu yake. Utotoni alikuwa akienda naye kuvua samaki kwenye barafu, wanakaa kando ya tundu walilolitoboa tangu asubuhi hadi giza bila neno, wanapokezana kifuniko cha chupa chenye chai ya moto, na hakuna siku alizojua kwamba anapendwa kama siku zile. Kwake ukimya ulikuwa blanketi. Alimfunika Tuovi kwa kitu bora alichokuwa nacho. Mtu wa mataifa yanayopiga domo asingefanya kosa hili, maana angekuwa ameshajaza chumba maneno. Hili lilikuwa letu.

Tuovi alikaa chini ya blanketi hilo akikosa hewa. Nimefanya nini, alijiuliza. Nimekaa kiti cha watu? Nilisema "kidogo" vibaya? Akaanza kuongea harakaharaka, habari za theluji, za bei ya siagi, za goti langu mimi ninayesimulia. Sirkku alitikisa kichwa kwa huruma na kunyamaza zaidi.

Mara ya pili alikuja na vimkate vya iliki, vya moto bado, amevifunga kwa taulo. Mara iliyofuata alikuja navyo tena, na kabla hajaondoka akaosha vikombe vya Sirkku, akafuta meza, akanyoosha zulia. Wiki nyingine akamletea soksi alizofuma. Sirkku alifurahi. Alidhani mgeni wake amezoea, amekuwa mwenyeji, anashika kitambaa bila kuambiwa. Hakujua kwamba hivyo ndivyo Tuovi alivyokuwa akifanya kwa Kauko kila ukimya ulipoanza: anaoka, anaosha, anafuma, anabembeleza, mpaka siku ile ya kuulizia kahawa. Na usiku Tuovi hakulala hata kwa redio.

Mwezi wa kumi na moja ndio mwezi wetu mbaya. Theluji haijashika, ardhi nyeusi, anga nyeusi, na kati yake mvua ya kuchomachoma. Siku moja ya mwezi huo Tuovi alipanda ngazi akiwa ameshaamua kwamba ndiyo mwisho. Hatarudi tena hapa, na Oulu hataenda. Atampigia Jarno aseme ana mafua. Alikaa, Sirkku akamsalimu, akasema hatuna haraka, akanyamaza. Tuovi hakuleta vimkate safari hii. Hakuongea habari ya siagi. Alikaa akauacha ukimya umkabe, kisha akasimama, mikono ameikunja mbele kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu.

"Samahani," alisema.

"Ya nini?"

"Sijui. Ya lolote nililokufanyia."

"Hujanifanyia kitu, Tuovi."

"Basi mbona umenyamaza?"

Swali hilo huku haliulizwi. Ni kama kumuuliza mtu amebakiza nini benki. Katika ndoa yake yote Tuovi hakuwahi kumuuliza Kauko, na alimuuliza Sirkku kwa sababu tu alikuwa anaondoka na hana cha kupoteza.

Sirkku aliona kila kitu kwa mpigo, vimkate, vikombe, soksi, akabadilika rangi. Hakumwendea. Hakumshika bega. Alibaki kitini ili yule aliyesimama awe yeye mwenye njia.

"Nakaa hapahapa," alisema. "Mlango uko wazi. Ukitaka kwenda, nenda, sitakasirika, na ukitaka kurudi utanikuta. Ila kabla hujaenda naomba nikutake radhi. Nimekunyamazia nikidhani nakupa nafasi. Kumbe nakuumiza. Kosa ni langu, wewe huna kosa."

Tuovi hakujua aweke wapi mikono. Alikuwa na miaka sitini na sita na hakuna mtu aliyewahi kumtaka radhi kwa kumnyamazia. Akakaa tena.

"Nikinyamaza," Sirkku akauliza, "mwilini unasikia nini?"

"Hapa panakaza." Aligusa chini ya koo. "Halafu nasubiri."

"Unasubiri nini?"

"Niambiwe nimekosa nini."

"Na ulikuwa unaambiwa?"

"Hata siku moja." Akaongeza upesi, "Lakini hakunipiga."

"Najua hakukupiga. Alikuwa anakuadhibu, na adhabu ya mkono wala haikuhitajika." Sirkku alisema hayo taratibu, bila kushusha sauti. "Na hukumsoma vibaya, Tuovi. Sitaki utoke hapa ukidhani ulikuwa unajitungia. Alikasirika kweli, na ulijua kabla hajamaliza kuvua viatu. Mwili wako ulikuwa unakulinda. Sasa unakulinda hata kwangu, ambaye sijakukasirikia. Haujaharibika. Haujaambiwa tu kwamba yule bwana hayupo."

Tuovi alilia hapo, akilia kwa kelele, jambo ambalo nyumbani kwake lilikuwa haliruhusiwi.

Tangu siku hiyo Sirkku alibadili namna yake. Hakuacha kunyamaza, maana asiyenyamaza hafikiri, lakini kila aliponyamaza alisema. "Nimenyamaza sasa. Natafakari ulichosema. Sijakasirika." Kimya. "Bado natafakari." Kimya. "Bado niko nawe."

"Unatangaza kama stesheni ya treni," Tuovi akamwambia.

"Nitakutajia na namba ya reli ukitaka."

Wakawekeana na sharti: Tuovi akiona kimya kimemzidi, aulize lile swali, na Sirkku ajibu kweli, si kwa kupamba. Mara ya kwanza ilimchukua muda mrefu kulitoa. Alikuwa ameshika ukingo wa kiti. "Mbona umenyamaza?"

Sirkku alicheka kwa aibu. "Nikwambie kweli? Najaribu kukumbuka kama nilifunga gari."

"Gari?"

"Gari. Nimeacha begi la michezo la mwanangu ndani. Linanuka, hakuna wa kuliiba, lakini."

Tuovi alicheka mpaka akashika mbavu, kisha kicheko kikageuka, akawa analia tena. Alikuwa ametokwa na jasho lote lile kwa ajili ya begi la michezo. Kuuliza si ujinga, tunawafundisha watoto, halafu tunakua na kuona ni heri tufe kuliko kuuliza.

Siku chache kabla ya Siku ya Uhuru Tuovi alikuwa amechangamka, akawa anasimulia mambo ya zamani kama vichekesho. Sirkku akauliza jambo dogo tu: "Wiki zile za kunyamaza, mambo ya nyumba mliambianaje? Bili, mbao, gari la kwenda mjini?"

"Jarno," Tuovi akasema. "Alikuwa posta wetu. 'Mwambie mama yako viazi vimeungua.' Na mimi niko palepale, meza moja. Jarno anageuka, 'Mama, baba anasema viazi vimeungua.' Mimi namwambia, 'Mwambie baba yako nitapika vingine.' Anageuka huku. Mtoto alikuwa hodari, hakosei hata neno." Alikuwa anatabasamu. Tabasamu likabaki usoni peke yake, furaha ikiwa imeshaondoka ndani.

Sirkku hakusema upesi. Kisha akasema, "Nimenyamaza kwa sababu nimehuzunika. Sijakukasirikia. Nimehuzunika kwa ajili yako, na kwa ajili ya mtoto yule."

Tuovi aliinua mkono, ile ishara ya kuacha, na Sirkku akaacha. Muda uliobaki Tuovi hakutamka neno. Alitazama mvua dirishani. Kila baada ya kitambo Sirkku alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Niko hapa. Sijakasirika." Mwisho akamwambia muda wao unakaribia kwisha, asishtuke, na kwamba anaweza kukaa ngazini apumue kabla ya kutoka barabarani. Tuovi alikaa ngazini, kwenye harufu ya gundi, mpaka fundi viatu alipofunga duka.

Usiku ule, aliniambia, hakumfikiria Kauko hata kidogo. Alimfikiria mvulana aliyekaa katikati ya meza. Asubuhi alikwenda stesheni kukata tiketi.

Jarno alimpokea Oulu, akachukua mkoba. "Umefika."

"Nimefika."

Ndani ya gari hakuna aliyesema kitu. Nyumba yake ilikuwa safi mno, nyumba ya mtu asiyetembelewa, kikombe kimoja tu kwenye kichanja cha kukaushia. Mlangoni kulikuwa na ndara mpya za sufu za saizi ya Tuovi, karatasi ya bei ikining'inia bado. Alikuwa amepika supu ya samaki na kuwasha mishumaa miwili dirishani kama kila nyumba inavyofanya tarehe hiyo. Wakala. Wakakaa mbele ya televisheni, mama kwenye kochi, mtoto kwenye kiti cha mbali, kutazama wageni wa taifa wakipanga foleni kumpa rais mkono. Jioni hiyo nchi nzima hufanya hivyohivyo, na kwa kawaida ndipo hata sisi tunapopata ulimi, tunawasengenya wenye magauni mpaka foleni iishe. Jarno hakusengenya mtu. Gauni jekundu likapita, la kijani likapita, na yeye kimya, ametazama kioo cha televisheni kwa upande uleule wa uso aliokuwa nao baba yake.

Macho ya Tuovi yakaanza kutafuta mlango wa choo. Alikanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, akashika kitambaa cha kochi, na akasema haraka kabla woga haujamwahi:

"Jarno, mbona umenyamaza?"

Jarno aligeuka. Alikuwa na uso wa mtu aliyegongewa mlango na polisi.

"Napumzika," akasema mwishowe.

"Unapumzika kutokana na nini?"

Alichukua rimoti akapunguza sauti. "Kule nyumbani sikuwa naweza kunyamaza. Nikinyamaza mimi, hakuna mtu anayesema na mtu. Nilikuwa naogopa hata kulala, nisije nikasahau nilichotumwa." Alikuwa anaongea na rimoti, si na mama yake. "Nilipohamia huku nilikaa majuma sijaongea na binadamu. Nikaona hii ndiyo raha. Sasa nimezoea vibaya. Nikitaka kuongea sijui naanzia wapi. Kazini wananiita Lifti. Inapanda, inashuka, haisemi."

Neno samahani lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wa Tuovi. Lakini neno hilo alikuwa amemwambia Kauko mara nyingi mno, kwa makosa asiyoyajua, na safari hii kosa alilijua. Akalizuia. Alitaka kwanza asikie.

"Na wewe?" Jarno akasema.

"Mimi nini?"

"Mbona wewe umenyamaza?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza. Si mume, si sisi wa jikoni tuliokaa naye miaka yote ile tukamsifia utulivu wake.

"Naogopa," alisema.

"Unaogopa nini?"

"Wewe."

Aliona lilivyomchoma. Jarno aliweka rimoti chini taratibu. "Mimi nimekufanya nini, mama?"

"Hujanifanya kitu. Ni kwamba ukinyamaza nadhani umekasirika. Hata kwenye simu. Hata siku ile ya kuni." Akavuta pumzi. "Umekasirika, Jarno?"

Kwenye kioo watu waliendelea kushikana mikono bila sauti. Tuovi alingoja aambiwe hapana. Angeambiwa hapana angekunywa kahawa, angelala, angerudi nyumbani na kukaa na redio yake, na mwakani angealikwa tena.

"Ndiyo," Jarno akasema.

"Na nani?"

"Na baba." Alikuwa ameanza kupumua kwa nguvu. "Na wewe. Na wewe zaidi."

"Kwa nini zaidi?"

"Yeye alikuwa vile. Wewe ulikuwa unaona."

Hili ndilo jibu alilokuwa amelikimbia maisha yake yote, akiliokea vimkate, akilifumia soksi. Lilikuwa limefika, na lilikuwa kweli. Lilimuuma kuliko alivyowahi kudhani kitu kinaweza kumuuma. Lakini mtoto aliyekasirika alikuwa anamtazama usoni, hakuwa amempita kama kabati, na machozi yalikuwa yanamtoka bila kuyafuta. Tuovi aligundua kwamba bado amekaa na hatafuti mlango.

"Niambie," alisema. "Yote. Nina jioni nzima, na kesho, na siendi popote."

Jarno akazima televisheni. Akasogeza kiti chake mpaka magoti yao yakakaribiana, akamtazama kwa muda, akitafuta pa kuanzia, na mama yake hakumharakisha. Kisha akaanza kusema, na kwa mara ya kwanza mbele ya mama yake hakuna aliyekuwa amemtuma.